Mwaka wa Tisa wa Genoveva

Genoveva alikuwa mtu wa kumeza mambo, mpaka siku chuo kilipomwambia kwamba yeye ni doa kwenye takwimu. Hawakutumia neno hilo, maana watu wa ofisi za huku Marekani hawakutukani, wanakutabasamia. Mshauri wa wanafunzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alimkaribisha vizuri, akamuuliza habari za nyumbani, kisha akageuza kompyuta ili mgeni wake naye aone.

"Mlioanza pamoja mwaka ule ni hawa," alisema. "Waliohitimu ndani ya miaka sita ni hawa wa kijani. Wewe uko huku kwenye nyekundu."

"Lakini mimi bado nasoma," Genoveva alisema. "Nimemaliza kozi thelathini na tano. Zimebaki tano tu."

"Najua, na tunakupongeza sana. Ila miaka sita ilishapita. Kwa hesabu ya jimbo, wewe hukumaliza."

"Hata nikimaliza?"

"Hata ukimaliza."

Genoveva alimkazia macho aone kama anatania. Wala! Basi hebu fikiria: mtu anahangaika miaka tisa, anavaa joho, anaitwa jina lake mbele za watu, anapewa cheti mkononi, na bado kuna kitabu mahali fulani kinasema huyu alishindwa. Alitoka mle ofisini amefura, akasonya kwa nguvu mpaka mlinzi wa mlangoni akamuuliza kama anahitaji msaada.

Miaka tisa hiyo haikuliwa na uvivu. Alianza akiwa na miaka thelathini na minane, kwa kishindo, kozi nne kwa mpigo, akiitaka shahada ya afya ya jamii. Muhula wa pili tu mumewe akahamia Texas kwa mwanamke mwingine, akamwachia binti wa miaka minane, Queen, nyumba ya kupanga karibu na Upper Marlboro, na gari ambalo gia yake ya pili ilikuwa inaingia siku ikipenda. Kozi nne zikawa mbili. Tangu hapo maisha yake yakawa ni kuamka alfajiri, kupambana na foleni ya magari mpaka kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Rockville, kuogesha wazee wa watu, kuwalisha, kuwabadilisha, na kusikiliza habari za watoto wao wasiokuja kuwaona. Jioni alikaa kwenye gari katika maegesho ya chuo, akila wali wa kwenye kontena huku akiisoma sura aliyotakiwa kuimaliza juzi. Kisha akaingia darasani na watoto waliomwita mama kwa heshima, na waliomsogelea sana ilipofika kazi ya kundi, maana walijua nani atakayeifanya.

Muhula mmoja hakusoma kabisa, kwa sababu mama yake alifariki kule nyumbani Muleba na ilibidi aende kumzika. Muhula mwingine kozi aliyoihitaji haikufundishwa, eti walioandikishwa ni wachache. Mwaka mwingine tena chuo kilibadilisha mtaala, na kozi mbili alizokwisha kuzifaulu akaambiwa hazina kazi, azirudie kwa jina jipya. Kwenye ile rangi nyekundu hapakuwa na mahali pa kuandika hayo yote.

Ingekuwa ni doa tu, angelivumilia. Alishavumilia makubwa. Tatizo lilikuwa muswada.

Aliyemwonyesha alikuwa Chebet, Mkenya, nesi wa palepale Rockville na rafiki yake wa miaka mingi. Walikuwa wanakula mchana kwenye chumba cha wafanyakazi, Chebet akamsogezea simu.

"Mama Queen, hebu soma hii kitu. Wanaongea juu yako."

Genoveva alisoma, akaacha kutafuna. Bunge la jimbo lilikuwa linajadili sheria mpya ya vyuo vya umma. Vyuo vingepewa fedha kulingana na asilimia ya wanafunzi wanaohitimu kwa wakati. Bodi zao zingeongezewa wajumbe wa kuteuliwa na serikali, ambao kazi yao ingekuwa kuhakikisha asilimia hiyo inapanda. Na mwanafunzi aliyezidisha miaka sita angepoteza ada ya mkazi wa jimbo, aanze kulipa ada ya mtu wa kutoka nje, karibu mara tatu ya ile anayolipa sasa. Shabaha, walisema waandishi wa muswada, ni kuwahamasisha wanafunzi wasikawie.

"Kunihamasisha!" Genoveva alisema. "Mimi? Mimi nimelala wapi, Chebet? Niambie, nimelala wapi?"

"Si mimi nimeandika, usinikaripie mimi."

Sheria ingeanza Septemba. Kwa ada hiyo mpya Genoveva asingeweza kulipia hata kozi moja kwa mwaka. Angeacha, na kozi zake thelathini na tano zingebaki karatasi za kwenye sanduku, na yeye angeendelea kuogesha wazee wa watu mpaka naye afike umri wa kuogeshwa. Alijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Lakini angalia hapa chini," Chebet alisema. "Kuna kikao cha kamati. Mtu yeyote anaweza kuenda kuongea. Dakika mbili."

"Mimi nikaongee na wabunge?"

"Kwani watakumeza?"

Jioni ile Genoveva alijiandikisha kwenye tovuti ya bunge. Akaandika ukurasa mmoja kwa Kiingereza, akaufuta, akauandika tena. Aliandika yeye ni nani, anafanya kazi gani, amebakiza nini, na ombi lake, ambalo lilikuwa moja tu: anayesoma huku anafanya kazi asihesabiwe sawa na asiye na shughuli nyingine, na ada yake isiguswe. Chebet alimshikia saa akiusoma. Dakika moja na sekunde hamsini.

"Hapo sawa kabisa," Chebet alisema. "Usiongeze hata koma."

Sasa hapa ndipo Genoveva alipofanya kosa ambalo alikuja kujilaumu kwalo wiki nzima, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa, mtu wa taifa lingine asingelifanya. Alikwenda kulisema jambo lake kwenye kikao cha umoja.

Umoja wa Tuinuane ni wa Watanzania wa upande ule, Wakristo na Waislamu, wanaokutana Jumapili ya kwanza ya mwezi kwenye ukumbi wa kukodi. Genoveva alitaka watu wawili watatu tu waje wakae nyuma yake siku hiyo, asijione yuko peke yake. Alipomaliza kueleza, Fahmi, katibu, akavua kofia, akaikunja, akasema suala hili si la Mama Queen peke yake, ni la jamii nzima. Watu wakapiga makofi. Na kwa kuwa ni la jamii, Fahmi akaendelea, basi lisemwe na jamii. Na msemaji wa jamii anajulikana.

Kila shingo ikageuka kwa mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa Injinia Respicius, mtu wa miaka sitini na mmoja, suti muda wote, kitambaa mfukoni, sauti ya kuongoza misiba. Alikuwa anahudumia lifti za majengo ya ofisi kule Arlington, na watu walimwita Injinia tangu Genoveva hajafika Marekani. Maneno yake yalikuwa marefu kupita kiasi, lakini moyo wake haukuwa mbaya. Mama yake Genoveva alipofariki, ni yeye aliyezunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha nauli, ni yeye aliyempeleka uwanja wa ndege, na ni yeye aliyempokea. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje kaa chini?

"Nitakwenda," Respicius alisema, akifunga kifungo cha koti. "Mama Queen atakaa nyuma yangu, wamwone."

"Injinia, shida ni kwamba mimi nimeshajiandikisha kwa jina langu," Genoveva alisema polepole. "Labda tuongee wote wawili."

Fahmi akatikisa kichwa. Mwenyekiti aseme, kisha mwanachama naye asimame aseme? Si itaonekana kana kwamba mwenyekiti hakutosha? Akina mama nao wakaguna kumwunga mkono. Genoveva alilelewa kutomkatisha mkubwa, na malezi yale yakamshinda. Muda wa kujiandikisha ulikuwa unaisha siku ileile. Akatoa simu palepale, akafuta jina lake, akaandika la Respicius. Kisha akampa ule ukurasa wake.

"Usome tu kama ulivyo, Injinia. Nakuomba sana. Ni dakika mbili."

"Ondoa shaka, mama."

Chebet aliposikia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Ati umempatia mwenyekiti? Mwenyekiti ndiye amesoma miaka tisa? Mama Queen, aki wewe ni mtu mzima!"

"Hujui alivyonisaidia."

"Najua. Si umnunulie soda!"

Siku ya kikao Genoveva alibadilishana zamu na mtu. Respicius alikuja kuwachukua yeye na Chebet, gari limeoshwa linang'aa, amevaa tai ya rangi za bendera. Njiani aliwaambia kwamba ameshatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp ili wanachama wote wafuatilie mubashara.

"Wote?" Genoveva aliuliza.

"Mia mbili na kumi na nne. Na wengine wameshatuma nyumbani Bukoba."

"Umeisoma ile karatasi?"

"Nimeisoma. Nzuri sana. Nitaiboresha kidogo."

Genoveva akageuka dirishani. Kwenye kiti cha nyuma Chebet alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Kamati ilianza saa saba mchana, na zamu yao haikufika mpaka saa kumi. Saa tatu nzima walikaa kwenye viti vigumu wakisikiliza muswada wa maegesho ya vyuo, muswada wa mabweni, na muswada wa jina la chuo fulani. Ulipofika wa kwao, bwana mmoja wa suti ya kijivu alisimama kuuunga mkono. Alisema tatizo la vyuo vya umma ni wanafunzi wanaokaa bila malengo, wanaochukua nafasi za wenzao. Bila malengo! Genoveva aliuma midomo. Alikuwa ameogesha watu watatu asubuhi ya jana kabla ya mtihani wa takwimu, sasa anaambiwa hana malengo na mtu ambaye kucha zake zimepigwa msasa.

Mwenyekiti wa kamati, mzee mrefu wa sauti ya chini, alirudia masharti. Waliojiandikisha ndio watakaozungumza, wengine wasitoe sauti. Mezani palikuwa na kikasha cha taa tatu: kijani ya kuanza, njano ya kuonya, nyekundu ya kunyamaza.

Respicius akaitwa. Akaenda kwa mwendo wa madhabahuni, akaketi, akaivuta maikrofoni. Taa ya kijani ikawaka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza kwa Kiingereza kizito, "waheshimiwa wajumbe wa kamati hii tukufu, watumishi wa bunge, viongozi wa vyuo mliopo, viongozi wa dini kama mpo, mabibi na mabwana. Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuwezesha kuamka salama na kutujalia hali ya hewa nzuri."

Genoveva alifumba macho. Yesu na Maria, si hivi!

Alileta salamu za Umoja wa Tuinuane. Akaeleza umoja ulianzishwa mwaka gani na malengo yake. Akawatambua wenyeviti waliomtangulia, wa kwanza, wa pili, na wa tatu ambaye sasa ni marehemu, akatua kidogo kwa heshima ya marehemu. Taa ikawa njano. Akaomba radhi kama kuna yeyote ambaye hakumtaja, itifaki yote izingatiwe. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi ya Genoveva, akaifungua, akaikunjua vizuri mezani, akavaa miwani.

"Baada ya utangulizi huo," alisema.

Taa ikawa nyekundu.

"Asante, bwana," alisema mwenyekiti wa kamati. "Muda wako umekwisha."

"Ndiyo kwanza naingia kwenye mada, Mheshimiwa."

"Asante, bwana."

Jamani! Genoveva alihisi machozi ya hasira yanampanda. Miaka tisa! Miaka tisa, halafu dakika zake mbili zimeliwa na hali ya hewa! Chebet alimshika mkono akaubana. Mbele yao Respicius alikuwa bado amekaa, karatasi mezani, kama mtu aliyefika kituoni basi likiwa linaondoka.

Lakini huku kuna utaratibu mmoja, kwamba mjumbe wa kamati anaruhusiwa kumwuliza shahidi swali, na swali halina taa. Mjumbe mmoja, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi alizozikata karibu na kichwa, aliinama kwenye maikrofoni yake. Kuna pendekezo mezani, alisema, la kuwatoa kwenye sheria hii wanafunzi wanaosoma huku wanafanya kazi, nao wabaki na ada yao. Angependa kujua kama hao wanafunzi wapo kweli.

"Katika jamii yenu, bwana, ni wengi wanaoshindwa kumaliza kwa wakati?"

Mungu akupe nini tena! Mlango umefunguliwa, tena na mwenye nyumba. Genoveva alijisogeza mbele ya kiti.

Respicius akainua kidevu. "Hapana, Mheshimiwa," alisema. "Sisi ni watu wachapakazi, tunathamini elimu. Wanafunzi wetu wote wanahitimu kwa wakati."

Yule mama akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake. Yaani anaandika! Anaandika kwamba hawapo!

Genoveva hakukumbuka baadaye kama aliamua kusimama. Alijikuta yuko juu, mkoba umeanguka, na Kiingereza chote cha miaka kumi na saba kimemtoka kichwani, kimebaki Kiswahili kitupu.

"Si kweli, Injinia! Si kweli hata kidogo! Mimi mwaka wa tisa huu, unanijua, halafu unasema wote wanamaliza? Unamfichia nani aibu? Waambie!"

Ukumbi mzima ukageuka. Nyundo ikagonga mara mbili. Mlinzi aliyekuwa mlangoni akapiga hatua moja, kisha akasimama, maana aliona ni mama tu wa viatu vya kazini.

"Mama, hukujiandikisha," alisema mwenyekiti wa kamati. "Siwezi kukupa nafasi. Tafadhali keti." Kisha akamgeukia Respicius. "Bwana, wewe ndiwe shahidi. Amesema nini?"

Genoveva aliketi. Alimwona Respicius kwa nyuma tu, kisogo na mabega ya ile suti, na juu ya mlango kamera yenye kitaa kidogo. Mia mbili na kumi na nne walikuwa wanatazama, na Bukoba pia. Na humu ndani waliojua Kiswahili walikuwa watatu. Angeweza kusema chochote. Angeweza kusema huyu ni ndugu yetu, amechoka, anaomba maji. Genoveva akajua kwa uchungu kwamba hivyo ndivyo atakavyosema.

Respicius alivua miwani.

"Anasema si kweli," alisema.

Akaisogeza mbele karatasi ya Genoveva.

"Na ndivyo ilivyo. Si kweli, Mheshimiwa. Wapo wengi. Huyu amefanya kozi thelathini na tano, amebakiza tano, na anafanya kazi siku sita kwa wiki. Karatasi hii ni yake. Nilipewa niisome, nikatumia muda wake kwa mambo yangu." Akaigusa tai yake. "Mimi mwenyewe wananiita Injinia. Wamekuwa wakiniita hivyo miaka ishirini na nne. Sikuhitimu. Nilisoma hapahapa, katika chuo cha jimbo hili, ada ilipopanda nikaacha, nikiwa nimebakiza kozi mbili."

Chebet alimgeukia Genoveva.

Yule mjumbe mwenye mvi aliweka kalamu chini. "Bwana," aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya kikao, "ni nini kingekuwezesha kumaliza?"

Respicius hakufikiri. Ilionekana kwamba jibu alikuwa nalo siku nyingi.

"Mwaka mmoja zaidi, kwa ada ileile."

Mwenyekiti wa kamati akaagiza karatasi ya Genoveva ipokelewe kama ushahidi wa maandishi, na karani akaja kuichukua mezani. Akaita jina lililofuata.

Kurudi, hakuna aliyewasha redio. Chebet, ambaye hajawahi kunyamaza dakika kumi tangu azaliwe, alinyamaza mpaka walipomshusha. Genoveva alibaki na hasira na huruma zikigombania nafasi, na hasira ikashinda, kwa sababu ndiyo aliyoizoea.

"Kwa nini hukuisoma tu?" alisema. "Nilikuomba. Nilikuomba, Injinia."

Jina lile likakaa katikati yao ndani ya gari.

"Nilitaka watuone ni watu wa maana kwanza," Respicius alisema.

"Sasa tulipokuwa hatujasema shida yetu, wangetuonaje?"

"Nimekuelewa, mama."

"Na wewe miaka yote hiyo! Sisi tunakuita, unaitika!"

"Mwanzoni nilikuwa nasahihisha," alisema. "Nikachoka. Halafu nikazoea."

Wiki tatu baadaye kamati ilipiga kura. Mambo ya fedha na ya bodi yalipita kama yalivyokuwa, wakubwa walikuwa wameshaafikiana. Lakini kifungu cha ada kiliongezewa mistari minne: anayesoma kozi chache kwa sababu ya kazi asiguswe ada yake, na asihesabiwe miongoni mwa walioshindwa mpaka atakapoacha mwenyewe. Mabaraza yote mawili ya bunge yakakipitisha hivyo. Chebet alimpigia Genoveva simu kumpa habari hizo saa tano asubuhi, naye alikuwa anamfunga vifungo bibi mmoja wa miaka tisini na mbili. Alipiga kelele mpaka bibi wa watu akashtuka, ikabidi ambembeleze na kumweleza habari nzima, miaka sita, miaka tisa, nyekundu, kijani. Bibi alisema ni upuuzi mtupu, tangu mwanzo.

Mtu wa kwanza aliyetaka kumwambia alikuwa Respicius. Tangu siku ile hawakuwa wamezungumza ila salamu. Kwenye kundi la WhatsApp watu walikuwa wamekaa kimya siku mbili, kisha wakarudi kwenye mambo ya michango, na Jumapili wengine walimwita Injinia, wengine walimwita Mzee, na wengine waliona bora wampe mkono tu. Simu iliita sana kabla hajapokea. Nyuma yake palikuwa na kelele za watu.

"Shikamoo. Wamekipitisha!" Genoveva alisema. "Ada yangu haiguswi!"

"Marahaba, mama. Nimesikia. Hongera sana."

"Uko wapi huko?"

"Chuoni kwenu, nami nilisoma hapahapa. Nilikuja kuulizia zile kozi zangu mbili."

Genoveva alikaa kitandani pembeni ya bibi. "Wamesemaje?"

"Wamenipokea vizuri, wana tabasamu sana. Wamesema nyingi zimepitwa na wakati. Kati ya thelathini na nane, zinazohesabika ni kumi na moja."

"Kumi na moja! Hao watu wana akili kweli? Ulizifaulu!"

"Nilizifaulu."

"Kata rufaa! Kuna fomu, mimi nazijua fomu zao zote. Usitoke hapo! Waambie unataka kumwona mkubwa wao!"

"Mama Queen," alisema Respicius, bila ile sauti yake ya misibani. "Nina miaka sitini na moja. Nilipoacha nilisema nitarudi mwaka utakaofuata. Basi ikawa hivyo kila mwaka."

Genoveva aliudhika. Alitaka kumlaumu mtu, na mtu wa kulaumiwa hakuwepo chumbani.

"Sikiliza," Respicius akaendelea. "Hapa kuna dirisha la ninyi mliozidisha miaka, lazima mje wenyewe kujiandikisha kwa sahihi, na kozi za kiangazi zinajaa. Foleni imefika mpaka nje. Nimesimama tangu saa tatu, na mbele yangu amebaki mmoja. Nimekushikia nafasi."

"Mimi niko Rockville! Mpaka nifike hapo ni saa nzima!"

"Wewe njoo. Nawapisha wengine mpaka ufike."